Ila na Aibu

Hakuna kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa binadamu ambacho hakiwezi kupatwa na ila. Nyumba hupata ufa, chombo huvuja, saa husimama, na kanzu mpya hufumuka mshono siku ya Idi. Fundi aweza kuwa stadi, mwangalifu na mwenye nia njema, na hata hivyo kazi yake ikatoka na dosari ambayo jicho lake halikuiona. Jambo hili ni la kawaida, wala halistahili kutushangaza. Linalostahili kufikiriwa ni lile lifuatalo baada ya dosari kuonekana. Hasara yake ni ya nani? Ni ya aliyetengeneza, ni ya aliyeuza, au ni ya aliyenunua? Na kila mmoja wao ana wajibu gani wa kusema kweli juu ya kile anachokijua? Maswali haya ni makongwe kama biashara yenyewe, lakini hurudi katika kila kizazi yamevaa nguo za kizazi hicho. Kwako wewe, msomaji kijana, yamkini yatakujia yamevaa nguo za kompyuta.

Na tutwae mfano ulio karibu. Tuseme yuko msichana wa kidato cha tatu katika mji wa Lamu. Wazazi wake wamejinyima mengi kwa muda wa miaka miwili, wakapata fedha za kumnunulia kompyuta mpakato, ambayo watu wengi huiita laptopu. Ilinunuliwa mpya Mombasa, ikatolewa katika sanduku lake pamoja na risiti na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, ile ambayo wenye maduka huiita waranti. Katika mwezi wa nane kitufe cha herufi A kikaanza ukaidi. Akikibonyeza mara hii hakiandiki. Akikibonyeza mara ya pili huandika A tatu kwa pamoja.

Mtu asiyefikiri sana atasema kwamba kitufe kimoja kati ya vitufe zaidi ya sabini si kitu. Na aambiwe ajaribu kuandika Kiswahili bila herufi A. Hataandika mama wala baba, wala maji, wala chakula, wala asante. Hataweza kuandika Lamu, Shela, Manda, Pate wala Faza. Siyu na Kizingitini zitasalimika, lakini hata huko hatakwenda, maana hawezi kuandika neno safari. Kwa msichana huyu, mwenye insha za kuandika na mtihani unaomkaribia, ila ya kitufe kimoja imekuwa ila ya chombo kizima.

Yafaa tujue ila hiyo hutokeaje, kwa sababu hukumu inayotolewa bila kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi ni hukumu ya gizani. Katika kibodi nyingi za kompyuta mpakato, chini ya kila kitufe mna viungo viwili vidogo vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na kikombe kidogo cha mpira kinachokirudisha kitufe juu. Chini ya hivyo zimo karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Kidole kikibonyeza, njia mbili hukutana, na kompyuta hutambua ni herufi gani iliyotakiwa. Chembe ya mchanga yaweza kukizuia kiungo. Upepo wa bahari wenye chumvi waweza kuzila njia za umeme. Chai yenye sukari yaweza kuzigandisha. Na yawezekana pia kwamba hakuna lolote katika hayo, bali kiungo kilitoka kiwandani kikiwa dhaifu. Zaidi ya hayo, katika kompyuta nyingi za siku hizi kibodi imekazwa pamoja na jalada la juu, hata fundi hawezi kubadili kitufe kimoja pasipo kubadili kibodi nzima. Kwa hiyo dosari ndogo huzaa gharama kubwa, na gharama kubwa huzaa ugomvi.

Sasa tuulize dhamana ni nini. Ili kuielewa, tuvuke kwanza hadi Matondoni, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kinachosifika kwa uundaji wa majahazi. Mtu aliyeagiza chombo huko humjua fundi wake kwa jina na kwa ukoo. Aweza kusimama kando akatazama mbao zikikatwa, misumari ikipigwa na kalafati ikitiwa baina ya mbao. Chombo kikishuliwa na kuvuja kuliko desturi, mwenye chombo hana haja ya karatasi. Atakutana na fundi msikitini, sokoni, arusini na mazikoni. Fundi hana pa kujificha, na mwenye chombo naye hana njia ya kusingizia, kwa kuwa kijiji kizima kinajua kama alikipandisha chombo mwambani kwa uzembe wake mwenyewe. Uso wa fundi ndio dhamana yake, na uso wa mnunuzi ndio ushahidi wake.

Kompyuta ya msichana wetu haikuundwa hivyo. Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato za ulimwengu huunganishwa katika viwanda vya China, na mikono iliyoishika kibodi ile haitapata kupeana salamu na mikono inayoitumia. Mwenye duka naye aliipokea ikiwa imefungwa ndani ya sanduku, akaiuza imefungwa vilevile. Hapo baina ya mtengenezaji na mtumiaji imeingia bahari ambayo hakuna jahazi linaloivuka. Dhamana ndiyo karatasi iliyowekwa mahali pa uso uliokosekana. Kwa karatasi hiyo mtengenezaji asema hivi: mimi sikujui, nawe hunijui, lakini ikiwa kazi yangu ina ila iliyotoka kwangu, nitaibeba mimi. Ni ahadi baina ya watu wasioonana. Na wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Hawakusema kwamba deni hufa mdai akiwa mbali.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayoweza kutuongoza katika jambo hili. Neno la kwanza ni ila, na neno la pili ni aibu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu neno lililotupa aibu lina maana ya kasoro, na wafanyabiashara walilitumia kwa kasoro ya bidhaa, kama vile kitambaa chenye tundu au mnyama mwenye ugonjwa. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalihamisha kutoka katika kitu hadi katika moyo wa mtu. Leo kitambaa chenye tundu hatusemi kina aibu. Twasema kina ila. Aibu ni ya yule aliyelijua tundu akakunja kitambaa ili lisionekane.

Hii ndiyo hoja ninayotaka uichukue, msomaji, nawe uipime. Ila si aibu. Kitu kuwa na dosari ni ajali ya kazi. Kuificha dosari ni tendo la hiari. La kwanza humpata hata mtu mwema, na la pili huchaguliwa. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo imeongoza biashara za pwani hii kwa karne nyingi, walilitenga jambo hili waziwazi. Mnunuzi akigundua kasoro iliyofichika, ambayo ilikuwamo kabla hajakabidhiwa kitu, alipewa haki ya kukirudisha. Lakini kasoro iliyozaliwa mkononi mwa mnunuzi mwenyewe haikuwa mzigo wa muuzaji. Ni mizani yenye sahani mbili, na kila upande unadaiwa kweli.

Wako wanaoipinga mizani hii. Wao husema kwamba mnunuzi ana macho, basi na afungue macho. Akishalipa na kuondoka, yaliyobaki ni yake. Rai hii si ya kipuuzi. Ina faida ya kumfundisha mtu kuwa mwangalifu, nayo huzuia mtu kuvaa nguo mwezi mzima kisha akairudisha kwa kisingizio. Katika soko la samaki, ambapo mnunuzi huweza kufunua matamvua na kunusa, rai hii yaweza kutosha. Lakini ni nani awezaye kunusa kibodi? Ni nani atakayefunua kompyuta dukani ili atazame viungo vya plastiki visivyozidi ukucha, tena ajue kipi kitachoka katika mwezi wa nane? Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza; siku hizi chema na kibaya hutembezwa kwa tangazo la namna moja na kufungwa katika sanduku la namna moja. Mahali ambapo jicho la mnunuzi haliwezi kufika, haifai kumlaumu kwa kutoona.

Sheria zimeifuata njia hii hatua kwa hatua. Kenya ina sheria ya mauzo ya bidhaa ya tangu mwaka 1931, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo huanza kwa kumwachia mnunuzi tahadhari yake, kisha huweka masharti ambayo muuzaji hufungwa nayo hata kama hayakutamkwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kiasi kinachofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro zake. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 imeyaeleza mambo haya kwa urefu zaidi. Basi msichana wetu anapopeleka kompyuta yake dukani haendi kuomba sadaka. Anakwenda kudai kilicho chake.

Kuna kesi moja ya nchi ya mbali ambayo hufundishwa katika vyuo vingi vya sheria, nayo yafaa ijulikane. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alikuwa mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa ya kioo cheusi. Bi Donoghue akanywa kidogo, na chupa ilipomiminwa tena, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Shida yake ilikuwa kwamba yeye hakununua chochote. Aliyelipa ni rafiki yake, na mwenye mkahawa alikuwa ameuza chupa kama alivyoipokea. Akamshtaki mtengenezaji, David Stevenson. Mwaka 1932 shauri lilifika katika Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake, hata kama hawajapata kuonana. Jaji mmoja, Lodi Atkin, alilijenga shauri lake juu ya swali la zamani: jirani yangu ni nani? Jibu lake lilikuwa kwamba jirani ni kila mtu ambaye kwa akili ya kawaida napaswa kuona kwamba tendo langu litamgusa. Habari za konokono hazikupata kuthibitishwa, kwa kuwa pande zote mbili zilipatana baadaye, tena kesi ile ilihusu madhara ya mwili, haikuhusu bei ya kitu kibovu. Lakini wazo la ujirani limekuwa refu kuliko kesi yenyewe. Ujirani haupimwi kwa hatua za miguu.

Na tulipime wazo hilo kwa jambo la zama zetu. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta mpakato nyembamba mno, iitwayo MacBook, ambayo bei yake ilianzia dola 1,299. Kibodi yake ilikuwa ya namna mpya. Badala ya mkasi wa zamani, kila kitufe kilikaa juu ya kiungo kilichofunguka kama mbawa za kipepeo, na kampuni ilijisifu kwamba kiungo hicho kilikuwa chembamba zaidi kwa asilimia 40. Baada ya muda malalamiko yakazidi: vumbi kidogo lilitosha kukikwamisha kitufe, herufi nyingine zikajirudia, na nyingine hazikutokea kabisa. Mwezi wa Mei 2018 baadhi ya wanunuzi walikwenda mahakamani huko California. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itazitengeneza bure kibodi zilizohusika kwa muda wa miaka minne tangu siku ya kununuliwa, huku ikisema kwamba zilizoharibika ni sehemu ndogo tu. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikaanza kurudia kiungo cha mkasi. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kesi iishe, bila kukiri kosa, na malipo hayo yakawahusu wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba utajiri na elimu havizuii ila. Kampuni yenye wahandisi hodari ilitoa kibodi dhaifu, na katika hilo peke yake hakuna aibu, kwa kuwa aliyejaribu jambo jipya huweza kukosea. La pili ni kwamba baina ya kibodi ya kwanza na tangazo la kuzitengeneza bure ilipita miaka mitatu. Sizihukumu nia za watu, nahesabu miaka. Katika miaka hiyo mnunuzi ambaye dhamana yake ya mwaka mmoja ilikwisha alikabiliwa na gharama ya ila ambayo haikuanzia kwake. Tena jiulize: aliyechora kibodi isiyovumilia vumbi, je, alimfikiri mtu wa Shela, ambaye vilima vya mchanga viko nyuma ya nyumba yake, na ambaye upepo wa kusi humletea mchanga huo hadi mezani? Kama bidhaa huuzwa ulimwengu mzima, basi ulimwengu mzima ni jirani wa aliyeichora.

Mpaka hapa tumemtazama mtengenezaji. Sasa na tuugeuze uso wa mizani. Turudi kwa msichana wetu tuongeze jambo moja katika habari zake. Tuseme kwamba katika mwezi wa sita mdogo wake aliangusha kikombe cha chai karibu na kompyuta. Matone yakarukia kibodi, wakayapangusa upesi, na kompyuta ikaendelea kufanya kazi kwa miezi miwili bila tatizo. Sasa anajaza fomu ya kudai dhamana, na ndani ya fomu mna swali: je, kifaa kimepata kuingiwa na maji au kinywaji chochote? Dhamana hubeba kasoro za kiwandani. Ajali za nyumbani haizibebi. Mjomba wake, ambaye anampenda na anajua jinsi fedha zilivyopatikana, anamwambia, "Mwanangu, andika hapana. Chai ile ilikuwa matone tu."

Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, na mtu asikudanganye kwamba ni jepesi. Akiandika hapana, huenda akapata kibodi mpya bure. Akiandika ndiyo, huenda akaambiwa alipe, na fedha za kulipa hazipo. Hoja za mjomba ni tatu, na kila moja yastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba kampuni ni tajiri, na tone moja halipunguzi bahari. Jibu ni kwamba uongo haupimwi kwa ukubwa wa mfuko wa anayedanganywa. Lau ingekuwa hivyo, mwizi wa tajiri angeitwa mtu mwema. Tena kampuni haiubebi uongo huo peke yake. Kadiri madai ya uongo yanavyozidi, ndivyo mwenye duka anavyoongeza ukali, na anayekuja kesho na dai la kweli hutazamwa kama mhalifu. Baadhi ya kompyuta zina vipande vidogo vyeupe vilivyofichwa ndani, ambavyo hugeuka vyekundu vikiguswa na maji. Vipande hivyo ni mashahidi waliowekwa kwa sababu maneno ya wanunuzi hayaaminiki tena. Kila anayedanganya huacha shaka nyuma yake, na atakayeikuta shaka hiyo ni jirani yake mwenyewe wa Mkomani au Langoni, aliyesafiri njia ileile na shida ileile.

Hoja ya pili ni kwamba kila mtu hufanya hivyo. Hata kama ni kweli, wingi wa watendao haubadili sura ya tendo. Mtu aliyechukizwa na kampuni inayoficha ila zake, kisha akaficha za kwake, hana tena mahali pa kusimamia anapolaumu. Hawezi kudai uso wa mtengenezaji huku wake ameufunika.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi: huenda chai haikuleta ila hii. Naam, huenda. Nami nasema kwamba kusema kweli hakumlazimu mtu kujihukumu kwa jambo asilolijua. Msichana huyu hana wajibu wa kusema, "Chai yetu ndiyo iliyoiharibu," kwa kuwa hajui. Ana wajibu wa kusema anachokijua, kisha akomee hapo. Na aandike hivi: katika mwezi wa sita matone ya chai yalirukia kibodi, tukayapangusa, kompyuta ilifanya kazi vizuri kwa miezi miwili, sasa kitufe cha A hakifanyi kazi. Hayo ni maneno ya kweli, nayo hayamwonei mtu. Fundi wa kampuni ana ujuzi wa kufungua na kutazama kama mna alama za chai au kiungo kimevunjika chenyewe. Na ikiwa fundi naye ni mwaminifu, hatatumia kweli ya msichana kama kamba ya kumfungia. Atatazama kwanza, ndipo ahukumu. Mwenye duka anayekataa dai papo hapo kwa kusikia tu neno chai, bila kufungua skrubu hata moja, anawafundisha watu kusema uongo, naye ana sehemu yake katika dhambi hiyo.

Je, akisema kweli na kibodi ikakataliwa? Basi amepata hasara, wala sitaiita hasara hiyo jina jingine ili ionekane tamu. Kweli ina bei, na mara nyingine bei hulipwa na asiye na fedha. Lakini hasara hiyo ina mwisho. Kibodi ya nje, ile inayochomekwa kwa waya, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya matengenezo, na kwa hiyo aweza kumaliza insha zake. Fundi wa mtaani aweza kumsaidia baadaye. Uongo ulioandikwa kwa jina lake hauna fundi. Tena umri wa kidato cha tatu ndio umri ambao mtu huamua, pengine bila kujua kwamba anaamua, kama neno lake litakuwa sarafu halisi au bandia.

Limebaki jambo la masafa, na kwa watu wa visiwa jambo hili ni haki tupu. Kutoka Lamu hadi Mombasa ni mashua hadi Mokowe, kisha basi kwa zaidi ya kilomita 300. Nairobi ni mbali zaidi. Mtu anayeambiwa kwamba dhamana yake ni halali, ila aende kuidai mji wa mbali kwa nauli yake, apoteze siku zake na kurudi tena kuichukua, amepewa haki kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili. Ikiwa bidhaa iliweza kufika Lamu kuuzwa, au pesa za Lamu ziliweza kufika Mombasa kuinunua, basi uungwana wataka ahadi nayo iweze kufika. Maduka na kampuni zinazopokea vifaa kwa njia ya mabasi na vifurushi, na kuvirudisha kwa gharama yao, hazifanyi hisani. Zinatimiza tu maana ya neno walilolitia sahihi.

Lakini haki isiyodaiwa kwa ustadi hulala. Kwa hiyo, msomaji, ukinunua kitu, isome karatasi ya dhamana kabla ya kulipa, nawe ujue ni ya muda gani, inabeba nini, na yadaiwa wapi. Itunze risiti mbali na unyevu, na uipige picha, kwa kuwa wino wa risiti nyingi hufifia. Ila ikionekana, andika tarehe yake siku ileile. Usiifungue kompyuta mwenyewe. Nakili kazi zako mahali pengine kabla ya kuipeleka, maana aliyeahidi kibodi hakuahidi kuzitunza insha zako. Andika dai lako kwa maneno machache ya adabu, uonyeshe namba ya kifaa, siku ya kununua na shida yenyewe, na ubaki na nakala. Ukikataliwa, uliza sababu kwa maandishi. Adabu na uthabiti ni ndugu wawili. Anayepiga kelele hupoteza la kwanza, na anayenyamaza hupoteza la pili.

Siku moja nawe utakuwa upande wa pili wa meza. Huenda ukawa seremala, mshonaji, mhandisi, daktari au mwenye duka, na mtu atakuja na kazi yako mkononi, akuonyeshe mahali ilipoharibika. Moyo wako utataka kusema kwamba ameiharibu yeye. Huenda ni kweli ameiharibu, na huenda si kweli. Ipokee, uiweke kwenye mwanga, uitazame. Ikiwa ila ni yake, mweleze bila kumdhalilisha. Ikiwa ni yako, iseme kabla hajaisema, na uitengeneze.